Mji Hufuata Njia: Habari za Kukua kwa Dar es Salaam

1. Kijiji cha wavuvi

Katika pwani ya Tanzania pana mahali ambapo bahari huingia nchi kavu kwa mlango mwembamba, kisha hutanda na kuwa bandari tulivu. Zamani palikuwa na kijiji hapo kilichoitwa Mzizima, na wenyeji wake walikuwa wavuvi na wakulima. Katika miaka ya 1860 Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, aliamuru mji mpya ujengwe karibu na kijiji hicho. Mji huo ukaitwa Dar es Salaam, na watu wengi hueleza maana ya jina hilo kuwa ni Nyumba ya Amani, ingawa wengine husema ni Bandari ya Amani. Majid alifariki mwaka 1870 kabla ya kuimaliza kazi yake. Waliomfuata hawakuiendeleza, na majengo mengi yakaachwa kuharibika.

Mwaka 1887 Wajerumani walifungua kituo chao hapo, na mwaka 1891 wakauhamisha mji mkuu wa koloni lao kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam. Sababu yao ilikuwa ile bandari, kwa kuwa huko Bagamoyo merikebu kubwa zililazimika kutia nanga mbali na pwani. Mwaka 1905 wakaanza kujenga reli. Ilifika Morogoro mwaka 1907, na Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1914. Tangu hapo mizigo ya bara ilishuka Dar es Salaam, na watu wakaja kutafuta kazi bandarini, relini na madukani.

Hata hivyo mji wa siku zile ulikuwa mdogo. Mtu aliyeondoka ufukoni asubuhi aliweza kuuvuka wote kwa miguu kabla jua halijawa kali. Wala haukuweza kuwa mkubwa zaidi, kwa sababu mchukuzi wa bandarini alipaswa kulala mahali ambapo miguu yake ingeweza kumfikisha kazini alfajiri na kumrudisha kwake jioni. Mji wa watu waendao kwa miguu hauwezi kuwa mpana kupita nguvu za miguu yao.

2. Mji uliogawanywa

Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliuteka mji. Katika kuutawala waliufuata mpango wa kuwatenga wakaaji wake kwa kutumia sheria za ujenzi. Upande wa bahari zilitakiwa nyumba za namna ya Kizungu, zenye bustani pana, na watu wakapaita Uzunguni. Katikati palikuwa na maduka na nyumba za Wahindi, pakaitwa Uhindini. Upande wa magharibi, palipopigwa kambi ya wapagazi wa jeshi walioitwa kwa Kiingereza “Carrier Corps”, ndipo Waafrika walipowekwa wajenge nyumba zao. Jina lile la Kiingereza lilibadilika vinywani mwa watu likawa Kariakoo. Kati ya Kariakoo na Uhindini uliachwa uwanja mtupu, nao ni Mnazi Mmoja.

Basi umbo la mji halikutokana na ardhi na bahari tu, bali na amri za watawala pia. Uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao leo watu hupumzika na kufanyia mikutano, uliachwa wazi ili kutenga watu na watu. Sheria zile za ubaguzi zimekwisha zamani, lakini barabara na viwanja vilivyopimwa kwa ajili yake vipo hata leo. Makosa ya kupima mji hayafutiki upesi, kwa kuwa huandikwa juu ya ardhi.

3. Hesabu ya watu

Mwaka 1948 wakaaji wa Dar es Salaam walihesabiwa wakaonekana kuwa kiasi cha 69,000. Hesabu zilizofuata zilionyesha hivi:

Mwaka 1957, watu 129,000 hivi.
Mwaka 1967, watu 273,000 hivi.
Mwaka 1988, watu zaidi ya 1,360,000.
Mwaka 2002, watu karibu 2,500,000.
Mwaka 2012, watu 4,364,541.
Mwaka 2022, watu 5,383,728.

Inafaa kukumbuka ya kuwa mipaka iliyohesabiwa haikuwa ileile kila mara. Hesabu za miaka ya karibuni ni za Mkoa mzima wa Dar es Salaam, wenye kilomita za mraba 1,393. Hata hivyo jambo lenyewe ni wazi. Mtoto aliyezaliwa mjini hapo mwaka 1957, akaishi hadi uzee wake, ameuona mji ukiongezeka zaidi ya mara 40.

Watu hawa walitoka wapi? Baadhi walizaliwa mjini. Wengi walitoka mikoani, hasa baada ya nchi kupata uhuru mwaka 1961, ambapo watu walipata kusafiri na kuhamia mjini bila vizuizi vya wakati wa ukoloni. Walifuata kazi, masomo, matibabu na soko. Serikali iliamua mwaka 1973 ya kwamba makao yake makuu yahamie Dodoma, na tangu mwaka 2016 wizara zimehamia huko. Lakini bandari haikuhamishika, na biashara hukaa penye bandari. Kwa hiyo watu hawakuacha kuja.

4. Vidole vinne vya mkono

Mtu anyooshe mkono wake mezani, akunje kidole gumba, na kuvitanua vidole vinne. Kiganja ni mji wa zamani: bandari, Kivukoni na Kariakoo. Vidole vinne ni barabara nne zitokazo mjini. Barabara ya Bagamoyo huelekea kaskazini, ya Morogoro magharibi, ya Pugu, ambayo sasa huitwa Barabara ya Nyerere, kusini-magharibi, na ya Kilwa kusini.

Dar es Salaam ilikua kwa umbo hilo la mkono. Mabasi yalipoanza kuwa mengi, mfanyakazi hakulazimika tena kulala karibu na kazi yake. Aliweza kutafuta kiwanja cha bei nafuu mbali na mji, mradi kiwe karibu na barabara ipitayo mabasi. Mwaka 1983 serikali iliruhusu watu binafsi kuchukua abiria kwa magari yao, ndiyo yanayoitwa daladala, na nyumba zikazidi kuzifuata barabara zile nne kama siafu wanaofuata njia yao. Kimara na Mbezi zikajengwa kando ya Barabara ya Morogoro, Mbagala kando ya Barabara ya Kilwa, Gongo la Mboto katika njia ya Pugu, na Tegeta na Bunju kando ya Barabara ya Bagamoyo. Nafasi za kati ya vidole zilibaki mashamba ya mikorosho na miembe kwa muda mrefu. Kisha nazo zikaanza kujaa, hasa pikipiki za bodaboda zilipowawezesha watu kuishi mbali na barabara kubwa.

Ushahidi mzuri wa jambo hili ni Kigamboni. Mtu asimamaye ufukoni Kivukoni huiona Kigamboni ng’ambo ya pili ya mlango wa bandari, karibu kabisa. Kama nyumba zingefuata ukaribu tu, Kigamboni ingalijaa watu kabla ya Kimara, iliyo mbali zaidi. Lakini katikati pana maji. Aliyetaka kuvuka ilimbidi angoje pantoni, au azunguke safari ndefu sana. Kwa hiyo sehemu kubwa ya Kigamboni ilibaki shamba huku Kimara ikijaa. Mwaka 2016 lilifunguliwa daraja la urefu wa mita 680 hivi, na tangu hapo ujenzi wa Kigamboni umekwenda kwa kasi. Basi mji haupimi umbali kwa kamba. Huupima kwa muda wa safari na kwa nauli.

Vituo vya mabasi ya mikoani hutoa ushahidi mwingine. Zamani mabasi hayo yaliondokea katikati ya mji. Mwishoni mwa miaka ya 1990 yalihamishiwa Ubungo, mahali palipohesabiwa kuwa ukingoni. Mji ukaifikia Ubungo na kuipita, na mwaka 2021 kituo kikahamishwa tena hadi Mbezi. Hali kadhalika Pugu, ambako Julius Nyerere alifundisha katika shule ya misheni hadi mwaka 1955, palikuwa mbali na mji. Leo nyumba zimekwisha kufika huko. Wala mji haukusimama kwenye mpaka wa mkoa, bali umeingia katika nchi za Kibaha, Mkuranga, Kisarawe na Bagamoyo, ambazo ni za Mkoa wa Pwani.

5. Mitaa miwili jirani

Kando ya Barabara ya Morogoro iko mitaa miwili iliyo jirani, Sinza na Manzese. Watu wake hununua katika masoko mamoja na kupanda mabasi mamoja. Lakini mtu akiitazama kutoka juu, ataona tofauti kubwa.

Sinza ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizopimwa katika mpango wa viwanja wa miaka ya 1970. Wapima ardhi walitangulia. Waliweka alama za viwanja, wakatenga njia, wakaacha nafasi ya shule na ya soko. Ndipo watu wakagawiwa viwanja, na kila mtu akajenga kwa uwezo wake, huyu leo chumba kimoja, mwakani cha pili. Manzese ilianza kwa namna nyingine. Huko watu walitangulia. Mtu alinunua kipande cha shamba kwa mwenyewe, akajenga, na jirani yake akajenga ubavuni mwake, na njia ikawa ile nafasi iliyosalia kati ya ukuta na ukuta.

Si kwamba watu wa Manzese hawakuwa na akili au bidii. Walijenga nyumba imara kwa fedha zao wenyewe, bila mkopo, na kuwapangisha wageni waliokuja mjini bila mahali pa kulala. Lakini mtu mmoja hawezi kujenga barabara peke yake, wala mtaro wa maji ya mvua, wala bomba kuu. Hayo ni mambo ya wote pamoja, na yasipotangulia, huja kwa taabu na gharama. Katika miaka ya 1970 serikali ilikwisha kubomoa mitaa ya namna hiyo mahali pengine, ikaona ya kuwa kubomoa huharibu nyumba kuliko kunavyoongeza. Kwa hiyo Manzese haikubomolewa. Ilitiwa barabara, maji na taa katikati ya nyumba zilizokuwako. Hiyo ilikuwa hekima, lakini kazi ilikuwa ngumu kuliko kupima kwanza.

Gharama ya njia nyembamba haionekani siku za raha. Huonekana siku ya moto, ambapo gari la zimamoto husimama mbali na nyumba iunguayo. Huonekana usiku mama anaposhikwa na uchungu, naye hubebwa mikononi hadi mahali gari linapoweza kufika. Huonekana mvua zinapojaza vyoo vya shimo, na uchafu ukaingia visimani, kipindupindu kikafuata.

Inakadiriwa ya kuwa zaidi ya nusu ya wakaaji wa Dar es Salaam huishi katika mitaa iliyojengwa kabla ya kupimwa. Mwaka 2002 serikali ilianza mpango wa kupima viwanja 20,000 pembeni mwa mji. Viwanja vilipimwa vyema, lakini watu waliohitaji mahali pa kujenga walikuwa wengi kuliko viwanja, na wengi wa maskini hawakuweza kuvinunua. Wakaendelea kununua vipande vya mashamba.

6. Mto ulionyang’anywa njia yake

Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, hupita katikati ya mji, na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Wakati wa kiangazi huonekana kuwa kijito tu. Bonde lake ni pana, na mgeni aweza kudhani ya kuwa ni ardhi iliyosahauliwa. Kumbe bonde hilo ni kitanda cha mto wakati wa masika.

Zamani mvua iliponyesha juu ya vilima na mashamba, sehemu kubwa ya maji ilinywewa na udongo, na mizizi ya miti ikayazuia yasikimbie. Mji ulipotanda, mabati na saruji vikachukua mahali pa miti. Bati halinywi maji. Tone lililokuwa likichukua siku nzima kufika mtoni, sasa hufika upesi, pamoja na mchanga na takataka. Kwa hiyo nyumba ijengwayo juu kilimani, mbali na mto, huongeza maji katika nyumba ya mtu aliye bondeni, ingawa watu hao wawili hawajaonana kamwe.

Desemba mwaka 2011 mvua kubwa zilinyesha. Msimbazi ulijaa, nyumba zikafunikwa hadi paa, na watu zaidi ya 40 wakafa. Jamaa nyingi zilihamishiwa Mabwepande, ukingoni mwa mji upande wa kaskazini. Baadhi yao walirudi bondeni. Hata karakana ya mabasi ya mwendokasi, iliyojengwa baadaye Jangwani katika bonde lilelile, iliingiwa na maji mara kwa mara.

Katika Injili umo mfano wa wajenzi wawili, mmoja aliyejenga penye mwamba na mmoja aliyejenga penye mchanga. Ni rahisi kumcheka yule wa pili. Lakini mchukuzi aliyerudi Jangwani kutoka Mabwepande alikuwa na hesabu yake. Mabwepande alikuwa na kiwanja kikavu, lakini nauli ya kwenda na kurudi ingemla sehemu kubwa ya ujira wake. Bondeni alikuwa na hatari ya siku chache kwa mwaka, na chakula cha watoto kwa siku zilizobaki. Hakujenga mchangani kwa ujinga. Alijenga hapo kwa kuwa mwamba ulikuwa ghali, au ulikuwa mbali. Basi anayetaka kumwokoa na mafuriko hana budi kumpa vitu viwili pamoja, kiwanja na njia. Akimpa kimoja bila cha pili, atamwona tena bondeni.

7. Mji mwingine uliopatwa na mambo hayo

Dar es Salaam si mji wa kwanza kupatwa na mambo hayo. London, mji mkuu wa Uingereza, uliyaona mapema. Mwaka 1801 ulikuwa na watu karibu milioni moja, na wengi walikwenda kazini kwa miguu. Mwaka 1863 ilifunguliwa reli yake ya kwanza ya chini ya ardhi, na baadaye reli zikatoka nje kila upande. Nyumba zilizifuata kama zilivyozifuata barabara za Dar es Salaam. Kati ya mwaka 1919 na 1939 eneo la London lililojengwa liliongezeka karibu mara mbili.

Waingereza wakaingiwa na hofu ya kuwa mashamba yote yatamezwa. Mwaka 1938 ilitungwa sheria ya kuhifadhi mkanda wa mashamba na misitu kuuzunguka mji, na baada ya Vita Kuu ya Pili sheria nyingine zikautia nguvu. Mkanda huo upo hata leo, nao umeokoa mashamba mengi. Lakini haukuwa bila hasara. Viwanja vya ndani vilipanda bei, na watu wengi walikwenda kuishi ng’ambo ya mkanda, wakawa wanasafiri mbali zaidi kila siku. Inaonekana basi ya kuwa mji ukizuiwa upande mmoja hutafuta upande mwingine. Kuuwekea mpaka hakutoshi. Ni lazima kuwaandalia watu mahali pa kukaa.

8. Kutangulia

Dar es Salaam sasa inajengwa kwa namna mbili. Katikati inapanda juu, na huko Kariakoo nyumba nyingi za chini za zamani zimebomolewa, na maghorofa yamesimama mahali pake. Pembeni inaendelea kutanda. Tangu mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi, yenye njia yao peke yake, huenda kati ya Kimara na Kivukoni, na njia nyingine za namna hiyo zimejengwa baadaye. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na Dodoma. Kila njia mpya ni kama kidole kipya cha mkono ule, nacho kitafuatwa na nyumba, wapima ardhi wawepo au wasiwepo.

Wazee husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kujenga miji, ufa ni ile miaka michache kati ya kufunguliwa kwa njia na kuja kwa nyumba. Katika miaka hiyo mpima mmoja na vijana wachache wenye kamba na vigingi waweza kutenga barabara, shule, uwanja wa kuchezea na mkondo wa maji, bila kumwondoa mtu yeyote. Ikiisha kupita, kila hatua ya njia italazimu kuvunja ukuta wa mtu na kumlipa fidia. Kazi ni ileile, ila iliyotangulia hufanywa kwa kamba, na iliyochelewa hufanywa kwa nyundo na machozi.

Maswali

1. Kwa nini Wajerumani waliuhamisha mji mkuu kutoka Bagamoyo?
2. Kigamboni iko karibu na Kivukoni. Kwa nini haikujaa nyumba kabla ya Kimara?
3. Eleza tofauti ya Sinza na Manzese, na sababu yake.
4. Nyumba iliyojengwa kilimani yawezaje kuongeza mafuriko bondeni?
5. Mkanda wa London ulileta faida gani na hasara gani?
6. Chora ramani ya mji au kijiji chako. Onyesha njia, mito na nyumba, kisha andika mahali unapodhani nyumba zitajengwa baadaye, na mambo yanayopasa kufanywa kabla hazijajengwa.